Muulize Mfamasia: Hizo dawa za Kichina mnazomeza, ndani kuna nini?

Jamani barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia kitu kimoja, dawa za mitishamba za Kichina. Za mafua ya aleji, za stresi, za kulala, za nguvu, za "kusafisha damu". Nimeamua nizijibu pamoja maana maswali yanaingiliana, na kuna jambo moja nataka mlishike kabla hamjasoma mbele: tiba ya Kichina ni tiba kweli, ina vitabu vyake, ina majina ya mimea yake na vipimo vyake vya gramu, kwa hiyo dawa isiyo na jina la mmea wala kipimo hiyo siyo tiba ya Kichina, ni pakiti tu yenye maandishi ya Kichina. Haya twende.

SWALI: Dada mfamasia habari za kazi. Naishi Tabata, nina mafua ya aleji miaka mingi, nikiamka asubuhi ni chafya mfululizo, macho yanawasha, pua imeziba. Jirani akanielekeza duka moja mjini wanauza vidonge vya Kichina, wakaniambia ni mitishamba mitupu haina kemikali. Siku mbili tu pua ikafunguka, sijawahi kuona dawa kama hiyo. Nimeendelea nayo kama miezi mitatu. Sasa nakula sana, uso umejaa watu wanasema nimependeza, ila nikikosa hela ya kununua nasikia mwili unaishiwa nguvu hadi kizunguzungu. Niendelee? – Mama wa Tabata

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na pole. Hiyo mistari yako ya mwisho ndiyo imefanya nianze na barua yako. Usiache ghafla. Narudia, usiache ghafla, na usisubiri kesho kutwa, kesho hiyo hiyo chukua boksi na vidonge vyenyewe uende navyo hospitali umwambie daktari una wasiwasi ndani kuna steroidi. Mimi sijavipima siwezi kuapa, lakini hamu ya kula iliyopanda, uso kuwa duara, halafu mwili kuishiwa nguvu ukikosa dozi, hizo ni dalili za mtu anayemeza deksamethasoni au prednisoloni muda mrefu bila kujua. Ni ile ile deksa ambayo akina dada wananunua mitaani ili wanenepe.

Iko hivi, juu ya figo kuna vijitezi viwili ambavyo kila siku vinatengeneza homoni ya jamii hiyo, na mwili unaitegemea hasa ukiumwa au ukipata mshtuko. Ukimeza ya dukani wiki nyingi vile vijitezi vinalala vinaona kazi inafanywa na mtu mwingine, ukikata siku moja mwili unabaki mtupu, presha inashuka, mtu anaweza kuanguka akafa. Daktari atakushusha dozi pole pole hadi vijitezi viamke. Umwombe akupime sukari na presha pia, maana steroidi inapandisha zote mbili.

Na msidhani mambo haya yanatokea kwetu tu. Mwaka 1999 madaktari wa London walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina ambazo wagonjwa wao wa pumu ya ngozi walikuwa wanapaka, 8 kati ya hizo zikakutwa na deksamethasoni, na watoto walikuwa wanapakwa humo humo usoni. Na zote zilikuwa zinauzwa kwa jina la mitishamba.

Sasa tiba yenyewe ya pua kwa Wachina inakuwaje? Kuna mchanganyiko wa zamani unaitwa Yu Ping Feng San, una vitu vitatu tu: huang qi ambao ni mzizi wa mmea wa jamii ya kunde, bai zhu na fang feng. Mtu anapewa anywe wiki nyingi, tena kabla msimu wa chafya haujafika, siyo siku pua imeziba, na hakuna mganga mkweli wa Kichina atakayekuahidi siku mbili. Hapo ndipo pa kushtuka, aleji ya miaka kumi ikifunguka kwa siku mbili kwa majani, uliza majani gani hayo.

Mwingine wa pua ni cang er zi, yale matunda madogo yenye miiba ya kunasa kwenye nguo, mmea wake uko hata huku kwetu mashambani kama gugu na mifugo ikila machipukizi yake inakufa. Wachina wenyewe wanajua ina sumu ndiyo maana wanaikaanga kwanza miiba idondoke halafu dozi inakuwa ndogo na ya muda mfupi. Mtu akikuuzia mbichi kwa kufungia kwenye gazeti, kataa, inaua ini. Na kuna ma huang, hiyo ndiyo yenye efedrini, dawa inayofungua pua na kifua kweli kweli. Mkemia wa Kijapani Nagai Nagayoshi aliitenga mwaka 1885, halafu miaka ya 1920 K. K. Chen na Carl Schmidt pale Beijing wakaonyesha ulimwengu inavyofanya kazi mwilini. Lakini inapandisha presha na mapigo ya moyo, Marekani waliipiga marufuku kwenye virutubisho mwaka 2004 baada ya watu kupata viharusi na wengine kufa, wengi walikuwa wanaitumia ili wapungue.

Ukishatulia na hilo la steroidi, kwa mafua ya aleji vitu vya famasi vyenye jina vipo na bei siyo mbaya: setirizini au loratadini kidonge kimoja kwa siku, na dawa ya kupuliza puani, ambayo ndiyo hasa inayosaidia pua iliyoziba. Ndiyo, hiyo ya kupuliza nayo nyingi ni steroidi, ila kiasi ni kidogo sana na inabaki puani. Godoro na mito anika juani, shuka fua kwa maji ya moto kila wiki maana wale wadudu wa vumbi la kitandani wasioonekana ndio wanawashambulia wengi wetu asubuhi.

SWALI: Sasa dada, niko Nairobi, kazi yangu ni ya onlaini, dedilaini kila siku, niko na stresi mbaya na usingizi haukuji mpaka saa tisa usiku. Beshte yangu ametoka China akaniletea Xiao Yao Wan, vile vidonge vidogo vyeusi vya duara, unameza vinane mara tatu kwa siku. Hii kitu inafanya ama ni imani tu? Mchana nakunywa jinseng ndio nipate nguvu ya kazi. – Kijana wa Umoja

JIBU: Kaka, kwanza nimefurahi una jina la dawa, kwa sababu ukiwa na jina naweza kukwambia kilichomo. Xiao Yao imeandikwa kwenye kitabu cha famasi ya serikali ya utawala wa Song, karibu miaka 900 iliyopita, na mapishi yake hayajabadilika sana: chai hu (ni mzizi, siyo chai ya kunywa), dang gui, mzizi wa bai shao, bai zhu, fu ling ambao ni uyoga unaoota kwenye mizizi ya misonobari, gan cao, halafu tangawizi na nanaa kidogo. Daktari wa Kichina hakupi kwa sababu umesema "stresi". Anakutazama ulimi, anashika mapigo yako mkono huu na huu kwa vidole vitatu, anakuuliza kama kifua kinabana, kama unashusha pumzi ndefu bila sababu, kama hasira ziko karibu, kama tumbo linajaa gesi ukiudhika. Wao wanasema qi, yaani nguvu ya uhai, ya ini imekwama. Mimi kama mfamasia siwezi kuipima qi kwa mashine, lakini hayo maswali nayapenda mno, ni maswali ambayo kliniki zetu zenye foleni hatupati nafasi ya kumuuliza mgonjwa.

Inafanya? Utafiti upo mwingi, sehemu kubwa umefanyika China kwenyewe, mara nyingi kwa watu wachache na wakiwa wanatumia dawa za hospitali za sonona pamoja. Kwa hiyo kusema imethibitishwa nitakuwa nakudanganya, na kusema ni imani tu nitakuwa nakudanganya pia. Kama una miaka yako michache, ini zima, hutumii dawa nyingine, boksi lina majina ya mimea na namba ya usajili, ukiijaribu wiki nne ukaona tofauti mimi sina ugomvi. Ila chai hu imehusishwa na ini kuumia kwa baadhi ya watu, mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi au macho yakawa manjano, acha siku hiyo hiyo uende hospitali. Na kama kuna dawa ya sonona au ya kifafa umeandikiwa usiiache ili upishe hii.

Hiyo jinseng weka pembeni kaka yangu. Mtu hajalala, moyo unamwenda mbio, halafu anaongeza kitu cha kuchangamsha! Hata Mchina mwenyewe jinseng anampa aliyechoka kwa udhaifu, mzee, aliyetoka kuugua, hampi mtu aliyewaka kichwa na usingizi umekimbia. Unakunywa mchana kitu kinachokufukuza kitandani usiku halafu asubuhi unakihitaji tena.

Kwa usingizi wanayo suan zao ren, mbegu za tunda la jamii ya kunazi. Yaani ni ndugu kabisa wa mkunazi wetu wa Pwani, ingawa siyo aina ile ile kwa hiyo usianze kuponda kokwa za kunazi. Mbegu zinakaangwa kidogo, zinapondwa, zinachemshwa na fu ling, zhi mu, chuan xiong na gan cao, ni mapishi ya Zhang Zhongjing, tabibu wa mwishoni mwa utawala wa Han, kama mwaka 200 hivi. Kwa wengi ni dawa ya upole, ila usichanganye na vidonge vya usingizi vya hospitali wala pombe.

Kitu kimoja usiguse kabisa: vidonge vya "kutuliza roho" vyenye zhu sha. Zhu sha ni jiwe jekundu la zebaki. Mapishi ya kale ya kutuliza moyo yalikuwa nalo, mengine yalikuwa yanapakwa kwa nje ya kidonge kipate wekundu, na bado linapita pita sokoni. Zebaki haina dozi ya stresi.

Na dedilaini zako siwezi kukuandikia dawa. Lakini kama hiyo stresi imefika mahali unaona bora usiwepo, usimalize boksi ndio utafute msaada, ongea na mtu leo na uende hospitali, hiyo inatibika.

SWALI: Binti yangu, mimi ni mzee wa Tanga, nina presha na moyo, natumia dawa ya kukojoza maji ya mwilini na wafarini ya kuzuia damu isigande. Kijana wangu anafanya biashara Guangzhou, kaniletea mzigo wa afya: jinseng, vidonge vya danshen vya moyo na chai tamu ya mizizi ya kikohozi. Niviweke wapi na ninywe vipi? – Mzee wa Chumbageni

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kijana ana mapenzi na wewe, Mungu amjalie, ila mzigo huo usiuguse hata kimoja mpaka daktari wako auone.

Danshen ni mzizi mwekundu, Wachina wanautumia sana kwa moyo na una nguvu, na hapo ndipo tatizo, maana ukikutana na wafarini damu inakuwa nyepesi kupita kiasi, watu wametokwa damu hadi kulazwa. Jinseng nayo inaivuruga wafarini, ila yenyewe inaelekea kuipunguza nguvu, na dang gui inaiongeza, kwa hiyo ukichanganya hakuna anayeweza kukisia damu yako itakuwaje. Kile kipimo chako cha INR, cha kuona damu inaganda kwa kasi gani, unachofanya kliniki kitakuwa kinacheza tu kila ukienda.

Ile chai tamu nina uhakika ina gan cao, mzizi wa susi, waliokaa Uarabuni wanaujua vizuri kinywaji chake. Uko kwenye mapishi mengi mno ya Kichina, kama tunavyotia chumvi kwenye mchuzi. Kikombe kimoja kimoja kwa mtu mzima wa afya hakina neno. Lakini ukinywa kila siku unazuia maji na chumvi mwilini, presha inapanda, na potasiamu inashuka, sasa wewe tayari una dawa ya kukojoza ambazo nyingi zinashusha potasiamu hiyo hiyo, moyo utaanza kudunda ovyo. Misuli ikilegea au miguu ikikaza usiku sema haraka.

Kama umeshaanza kunywa, usinifiche wala usimfiche daktari, na kipimo cha INR kifanyike wiki hii.

SWALI: Niko Muscat, ofisini Wachina wenzetu wanakunywa chai ya maua ya njano na goji kila siku, na mimi nimeanza. Kuna shida? Nina aleji ya vumbi na chavua. – Dada wa Muscat

JIBU: Hapana shida kubwa dada, hiyo ni chai ya nyumbani ya China, ju hua na gou qi zi, wanainywa macho yakichoka na kompyuta na siku za joto. Ila maua hayo ni ya familia moja na alizeti na pareto inayolimwa Iringa na Nakuru, na mwenye aleji ya chavua anaweza kuwashwa nayo, midomo kuvimba au chafya kuzidi. Anza na ua moja kwenye kikombe. Ukisikia koo linawasha, bakia na goji peke yake.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo Morogoro. Nyie wafamasia mnasema dawa za Kichina hazijathibitishwa wakati dawa mseto ya malaria imetoka kwao! Basi kwanini nisinywe chai ya artemisia, ipo hadi huku inalimwa, na kwanini hizo za stresi na aleji mnaziwekea mashaka? – Mwanafunzi

JIBU: Mwanangu hili swali lako ningeweza kulijibu ukurasa mzima, na nitajaribu kutofanya hivyo.

Ni kweli kabisa imetoka kwao. Tarehe 23 Mei 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kijeshi, ukaitwa 523 kwa ajili ya tarehe hiyo, sababu askari wa Vietnam Kaskazini walikuwa wanakufa kwa malaria na klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Mwaka 1969 akapewa kazi mama mmoja, Tu Youyou, mfamasia kama mimi, hana digrii ya udaktari wala hajasoma nje. Akakusanya mapishi zaidi ya 2,000 ya vitabuni na ya waganga. Wakatengeneza dondoo kama 380 kutoka kwenye mimea kama 200 na kuzipima kwa panya. Qinghao, yaani artemisia annua, ikaonyesha dalili nzuri halafu ikawa haieleweki, leo inafanya kazi kesho haifanyi.

Akarudi vitabuni. Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, alikuwa ameandika uchukue qinghao mkono mmoja, uloweke kwenye maji, ukamue, unywe maji yake yote. Tu Youyou akasimama hapo: uloweke, ukamue, hakusema uchemshe! Maana dawa nyingi za Kichina zinachemshwa, na wao maabara walikuwa wanatumia moto. Akabadilisha, akatoa dawa kwa etha inayochemka kwa joto dogo, na Oktoba 1971 dondoo namba 191 ikasafisha vimelea vyote kwa panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wawili wakainywa wenyewe kwanza kuangalia usalama. Nobel ilikuja 2015.

Lumefantrini, ile nyingine iliyomo kwenye ALU, dawa mseto yetu ya malaria, nayo ilizaliwa kwenye mradi huo huo. Na Kenya na Tanzania Bara zilipohamia dawa mseto mwaka 2006 baada ya SP, dawa ya malaria ya zamani, kushindwa, ndiyo maarifa hayo hayo yaliyookoa watoto wetu. Kwa hiyo mimi siyo mtu wa kudharau vitabu vya kale, hasha.

Lakini angalia walichofanya. Hawakuishia kusema babu zetu walikunywa. Walipima, ikashindwa, wakauliza kwanini, wakapima tena, wakatenga kiini, ndiyo artemisinini, wakajua miligramu ngapi. Ukinywa chai ya majani hujui miligramu ngapi, mmea wa shamba hili na shamba lile haulingani, na artemisinini haipendi kukaa kwenye maji. Unapata kidogo, homa inashuka, vimelea vinabaki, na vile vinavyobaki ndivyo vinavyojifunza usugu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 likasema wazi haliungi mkono chai wala unga wa artemisia kwa malaria. Na kuanzia muongo uliopita usugu wa vimelea dhidi ya artemisinini umeonekana Rwanda na Uganda, siyo hadithi za Kambodia tena. Tukiipoteza hii dawa sijui tutampa nini mtoto.

Za aleji zinapimwa pia. Kulikuwa na timu New York, hospitali ya Mount Sinai, ya Dk. Xiu-Min Li, ilitengeneza dawa ya mimea 9 kutoka kwenye mapishi ya kale kwa ajili ya aleji ya karanga na vyakula vingine. Kwa panya ilikuwa kama muujiza, wanapewa karanga hawashtuki. Walipoijaribu kwa watu, matokeo yakatoka 2015, haikudhuru, lakini haikuwafanya waweze kula kile chakula zaidi ya wale waliopewa kidonge kitupu. Wakaandika hivyo hivyo na kuendelea kutafuta. Hiyo ndiyo heshima ninayoitaka kwa mitishamba, ya Kichina na ya kwetu. Mashaka yangu siyo dharau mwanangu.

SWALI: Arusha hapa, kuna mtu ananiambia ngozi ya punda na magamba ya kakakuona ni dawa za Kichina za damu na aleji ya ngozi, anataka nimtafutie. – Kijana wa Ngaramtoni

JIBU: Usitafute. Kakakuona biashara yake ya kimataifa imefungwa tangu 2017, magamba ni kitu kile kile cha kucha zako, na China yenyewe iliyatoa kwenye orodha ya kitabu chao rasmi cha dawa mwaka 2020. Kwa kesi ya nyara hutaniona mahakamani nikikutetea. Punda, wanachemsha ngozi kupata gundi inaitwa ejiao, wanawapa wanawake kwa ajili ya damu, na kwa ajili hiyo punda wetu waliibwa usiku wakachunwa porini, akina mama wa vijijini wakabaki wanabeba maji kichwani. Tanzania ilipiga marufuku machinjio yake 2022, na Umoja wa Afrika Februari 2024 ukafunga biashara ya ngozi kwa miaka 15. Damu pungufu ina vidonge vya madini ya chuma, hospitali wajawazito wanapewa bure.

SWALI: Assalam alaykum. Mimi niko Unguja, sisi tumezoea madaktari wa Kichina tangu wazee wetu. Nataka kwenda kliniki ya binafsi ya mitishamba kwa ajili ya stresi na ngozi kuwasha. Niulize nini, na dawa zenyewe nichemshe vipi? – Bi wa Mwanakwerekwe

JIBU: Waalaykum salaam bibie. Kweli madaktari wa Kichina wako hospitali ya Mnazi Mmoja tangu miaka ya 1960, na karafuu zenu ziko kwenye makabati yao ya dawa, wanaiita ding xiang, ya tumbo na kwikwi. Kwa hiyo hamko wageni.

Uliza kwanza kibali, cha mtu na cha duka. Bara kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, dawa za viwandani ziko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kwenu Zanzibar mna mamlaka yenu, kibali kinatakiwa kiwe ukutani. Pili omba karatasi iandikwe kila mmea na gramu zake, kwa herufi za Kichina na jina la kisayansi. Asiyetaka kuandika, amka uondoke, hata kama ameshika mkono wako kwa upole wote.

Jina la kisayansi siyo urembo. Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza uzito ilikuwa inawapa wanawake vidonge vyenye mmea fang ji. Kuna fang ji zaidi ya moja. Iliyotakiwa ni Stephania tetrandra, ikaja Aristolochia fangchi, majina ya Kichina yanakaribiana. Wanawake zaidi ya 100 figo zikaharibika, wengi wakaishia kwenye mashine au kupandikizwa figo, na baadaye saratani ya njia ya mkojo ikaanza kutokea kwao. Madaktari wa huko waliandika kisa chenyewe 1993. Kila nikisoma karatasi ya dawa ya Kichina macho yangu yanatafuta kwanza neno Aristolochia, na nanyi yatafuteni. He shou wu nayo, ile ya kurudisha nywele nyeusi, imeumiza maini ya watu. Fu zi, mzizi wenye sumu, isiyochemshwa kwa muda mrefu inasimamisha moyo. Na ukiwa mjamzito au unanyonyesha useme mlangoni kabla hujakaa.

Kuchemsha: chungu cha udongo au sufuria ya stenlesi, siyo chuma wala aluminiamu. Loweka majani na mizizi kwenye maji baridi nusu saa, maji yapite juu yake vidole viwili. Yakichemka punguza moto, acha dakika 20 hadi 30, chuja. Mizizi migumu na magamba ya konokono wa baharini yanatangulia, nanaa na maua yanaingia dakika 5 za mwisho la sivyo harufu yote inaondoka na mvuke, na kwenye nanaa harufu ndiyo dawa. Ongeza maji uchemshe mara ya pili, changanya maji ya kwanza na ya pili, gawa mara mbili, asubuhi na jioni, yakiwa vuguvugu. Uchungu utakuwepo, usitie sukari nyingi, tende moja baada ya kumeza inatosha.

Usianze dawa mbili mpya wiki moja, maana ngozi ikitoka vipele hutajua ya kulaumu ni ipi. Na kwenye kila furushi bakiza kiganja kimoja kikavu kwenye kopo pamoja na ile karatasi, ukae nacho mwezi mzima, ili ukiumwa tumbo au macho yakabadilika rangi, daktari wa Mnazi Mmoja awe na kitu mkononi cha kuangalia.